ULIZA TUKUJIBU: Mtandao ulishikaje huku mabomu yanaanguka?

Wasomaji wangu wa kanda ya ziwa, salamu nyingi. Toleo lililopita niliandika vimistari vichache tu kuhusu Kyivstar, ile kampuni kubwa kuliko zote ya simu kule Ukraine, na jinsi inavyohudumia wateja wake katikati ya vita. Sikutegemea kabisa. Meseji zimeingia nyingi mpaka mhariri akaniambia basi chukua kurasa zote, jibu. Kwa hiyo leo hakuna swali la bando wala la simu iliyoingia maji, naomba mnivumilie, leo tunajibu haya.

SWALI: Dada habari za kazi. Mwanangu wa tatu alikua anasoma udaktari Ukraine vita ilipoanza 2022. Nilikua nalala na simu kifuani. Kila jioni alinipigia WhatsApp yuko chini kwenye stesheni ya treni ya ardhini, wamejificha na wenzake, nasikia watoto wa watu wanalia nyuma yake, lakini sauti inafika hapa Nyakato safi kama yuko chumba cha pili. Namshukuru Mungu alivuka Poland salama, akarudi. Swali limenikaa miaka yote hiyo: kule mabomu yanaanguka simu inashika, hapa kwetu mvua ikinyesha masaa mawili mtandao unakata mpaka kesho yake. Wao wana nini ambacho sisi hatuna? (Mama wa Nyakato)

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza pole kwa zile jioni, na hongera kijana amerudi. Swali lako nimelisoma mara tatu kabla sijaanza kuandika.

Nianze na mvua yetu maana ndio itatufungulia mlango. Mnara wa simu mama sio kitu kinachojitegemea, unakula umeme saa 24. Umeme ukikatika kuna betri pale chini kwenye kibanda, zinaushikilia masaa machache, zikiisha kama hakuna jenereta au mafuta hayajafika basi mnara umekufa hata kama umesimama mzima unauona kwa macho. Alafu kuna jambo la pili, minara mingi inaongea na mwenzake kwa mawimbi ya redio, kile kisahani unachokiona juu kimeangalia mlima mwingine, na mvua kubwa inayadhoofisha yale mawimbi. Kwa hiyo usiku wa mvua unakuta vyote viwili vimekutana, umeme umekatika na mawimbi yamechoka. Miaka ya nyuma nilipanda mtumbwi na fundi mmoja wa minara kwenda kisiwani, tumebeba madumu ya dizeli, ziwa limechafuka, na watu kule wamekaa siku ya pili hawana mtandao, wanamtukana, wanadhani kampuni imelala. Yule kaka alikua hajala tangu asubuhi. Tangu siku ile nikiona mtandao umekata nafikiria kwanza nani yuko njiani na dumu.

Sasa twende Ukraine. Urusi iliingia kwa nguvu tarehe 24 Februari 2022. Siku za mwanzo umeme kwa sehemu kubwa ya nchi ulikua bado upo, ndio maana wewe ulikua unampata mwanao vizuri, na kwenye zile stesheni za ardhini za Kyiv mtandao ulikua umeshafikishwa chini kabla hata ya vita. Ila kitu kilichowaokoa watu wengi, na mimi naomba kila msomaji akishike hiki, ni kwamba makampuni matatu ambayo siku zote yanagombania wateja, Kyivstar, Vodafone Ukraine na lifecell, yalikaa chini na serikali na kufikia tarehe 7 Machi, siku 11 tu tangu vita ianze, yakafunguliana minara. Yaani mnara wa kampuni yako ukipigwa au ukikosa umeme, unaingia kwenye setingi ya simu, unachagua jina la kampuni nyingine iliyobaki hewani, unaongea. Hulipi zaidi, hununui laini mpya. Spidi inakua ndogo ndio, lakini mama anayetafuta mtoto wake anahitaji spidi ya nini.

Fikiria ushindani ulivyo kwenye biashara hii, wanavyopigana kwa ofa, kwa mabango, kwa dakika za bure, alafu ndani ya siku 11 wanasema mteja wako ni mteja wangu. Hilo ndilo wao walikua nalo. Sio minara ya chuma kigumu zaidi ya yetu.

Pia simu za Urusi na Belarus zilizokua zinajaribu kutumia mitandao ya Ukraine zilifungiwa, maana askari aliyeingia na laini ya kwao angekua anapiga simu nyumbani kwa minara ya watu anaowapiga.

Ngumu kweli kweli ilikuja baadae. Kuanzia tarehe 10 Oktoba 2022 makombora yakaanza kulenga vituo vya umeme, nchi ikaingia gizani na baridi inaanza, na tarehe 23 Novemba karibu kila mkoa ulikosa umeme kwa wakati mmoja. Hapo mama walikutana na tatizo letu la Nyakato ila mara elfu, maelfu ya minara inaishi kwa betri kwa wakati mmoja. Mafundi wakawa wanazunguka na jenereta kwenye magari, wanachaji mnara huu wanahamia ule, na makampuni yakaanza kubadilisha betri za zamani kuweka za lithiamu ambazo zinadumu zaidi na zinajaa haraka ule umeme wa masaa mawili matatu ukirudi. Serikali ikaweka mahema na vyumba mitaani, mtu anaingia anaota moto, anakunywa chai, anachaji simu, anapata intaneti. Kwa hiyo kwa swali lako wao wana nini: wana betri, dizeli, watu wanaokubali kutoka nje usiku, na makubaliano. Betri na dizeli zinanunulika. Makubaliano hayahitaji hata shilingi kuyaanza, na mimi nayataka kwa ajili ya hili ziwa letu, nitarudi hapo chini.

Na mji wa Kherson, uliokua mikononi mwa Warusi, ulipokombolewa tarehe 11 Novemba 2022 watu walikua wanakusanyika uwanjani katikati ya mji na simu mikononi wanatafuta mtandao, wengine hawajaongea na ndugu zao kwa miezi. Mafundi wanaorudi kwenye maeneo ya namna hiyo hawaingii hovyo, wanasubiri jeshi lipite kwanza kutegua mabomu ya ardhini, ndio wapande mnara. Mwambie kijana wako, nadhani atakua anayakumbuka mengi kuliko mimi.

SWALI: Mambo dada. Mimi ni wakala Igoma, nafatilia sana habari za mitandao. Umesema wakikosa mtandao wao wanahamia mwingine. Sasa mbona Desemba 2023 Kyivstar ilizimwa na wadukuzi na watu wakakaa siku kibao bila simu? Si wangehamia tu? (Kijana wa floti, Igoma)

JIBU: Safi mdogo wangu, umeshika penyewe.

Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 2023 wateja kama milioni 24 wa Kyivstar waliamka hawana simu wala intaneti, na hakuna kombora lililopiga kitu. Wadukuzi waliingia ndani ya mitambo ya kampuni na kuifuta. Mkuu wa kampuni, Oleksandr Komarov, alisema walipitia akaunti ya mfanyakazi mmoja, na afisa wa usalama wa Ukraine, Illia Vitiuk, alieleza baadae kwamba walikua wameshaingia angalau tangu Mei mwaka ule. Walikaa kimya miezi yote hiyo! Siku waliyochagua wakafuta maelfu ya sava na kompyuta.

Na madhara yake angalia yalikofika. Mashine za kulipia madukani na ATM zilizotumia laini za Kyivstar zikagoma. Kule Lviv taa za barabarani zilikua zinawashwa na kuzimwa kwa kupitia mtandao huo, ikabidi watu wa manispaa waende kuzizima kwa mkono. Mbaya kuliko yote, baadhi ya sehemu za mikoa ya Kyiv na Sumy ving'ora vya kuonya ndege na makombora vilipata hitilafu, na hao ni watu ambao king'ora ndio kinawaambia ingia chini sasa hivi.

Sasa kwa nini wasihame. Chukulia mfano wa mialo yetu. Mvuvi wa Ukerewe akipelekwa na upepo akaenda kutia nanga mwalo wa Sengerema, viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wa pale hawamjui, wanamuuliza umetoka mwalo gani, alafu wanapiga simu kwa BMU ya kwao: huyu ni wenu? Wakijibiwa ndio ni wetu, anaruhusiwa kuvua. Na laini yako ndivyo ilivyo. Ukihamia mnara wa jirani, yule jirani lazima aulize kwenye daftari la wateja la kampuni yako, huyu ni wenu? Ana haki ya kupiga? Vita ya makombora inavunja mnara, daftari linabaki salama sehemu nyingine, kwa hiyo kuhama kunawezekana. Wale wadukuzi walichoma daftari lenyewe, hakuna wa kujibu upande wa pili. Ndio maana ukaona foleni madukani, watu wananunua laini mpya za makampuni mengine, na mitandao hiyo nayo ikaelemewa.

Huduma ilirudi kidogo kidogo, sauti kwanza, intaneti ikafuata, mpaka kufikia tarehe 20 mwezi huohuo kampuni ikasema imerudisha zote. Wateja wakapewa mwezi mmoja wa huduma bure. Siku nane kuijenga upya kampuni ya watu milioni 24 huku nchi iko vitani, mimi nasema hao vijana wa kompyuta walifanya kazi ya kijeshi bila bunduki.

Wewe kama wakala nikuombe kitu kaka, hili likuguse kwenye meza yako. Ile ilianzia kwenye akaunti ya mtu mmoja. Nimeona mawakala Igoma pale stendi wana namba ya siri ya laini ya uwakala imeandikwa nyuma ya kalkuleta, msaidizi mpya kaja juzi naye anaijua. Ibadilishe leo. Na usikubali kumpa mtu yeyote tarakimu zinazoingia kwa meseji, hata akijitambulisha ni mtu wa makao makuu na jina lako analo.

SWALI: Dada pole na majukumu. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, mzigo wangu ulikua unaenda Goma. Tangu Januari 2025 mji ulipochukuliwa mteja wangu nampata kwa kubahatisha, na kulipana imekua shida kubwa, anasema pesa anayo kwenye simu ila kuitoa inamla. Kweli hiyo au ananizungusha? Na nifanyeje nisipoteze mzigo? (Mama Dagaa)

JIBU: Mama pole sana. Anasema kweli, usimkasirikie.

Waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki ya Kongo, mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifungwa, na Bukavu nayo ikafuata katikati ya Februari. Mji mkubwa kama ule bila benki, watu wamebaki na pesa ya kwenye simu, sasa wakala naye akitaka noti za kukupa anazitoa wapi wakati benki haipo? Noti zikawa adimu na mwenye nazo anakata anavyotaka. Pesa inaonekana kwenye skrini, sokoni haigeuki kuwa unga.

Sudan waliyapata haya kabla ya Goma, na kwa ukubwa wa kutisha. Vita ilianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, na mwanzoni mwa Februari 2024 mitandao mikubwa yote mitatu ikazimika, Sudani ambayo ni ya Sudatel, MTN na Zain, kwa sababu mitambo ya katikati ilikua Khartoum na Khartoum ndio uwanja wa vita. Wasudani wengi walikua wanaishi kwa apu ya benki inaitwa Bankak, ndugu wa nje anatuma, wewe unahamishia mwenye duka, unachukua mchele. Mtandao ukizima maana yake jiko limezima. Sudani ilirudi kwanza upande wa Port Sudan, mashariki, ndani ya mwezi huohuo, lakini magharibi, Darfur, watu waliendelea kukaa gizani na wenye mashine za Starlink, ile intaneti ya setilaiti, wakawa wanauza intaneti kwa saa. Mimi hili la Sudan linaniuma, maana Ukraine tunaisikia kila siku kwenye redio na Sudan iko Afrika hapahapa na hatuulizi.

Nirudi kwenye mzigo wako mama. Tumia meseji ya kawaida kuliko kupiga, meseji ikikuta mtandao dhaifu inajaribu tena yenyewe mpaka ipite, simu inakata. Mkubaliane saa maalum, mfano saa moja asubuhi, yeye aende pale anapojua mtandao unashika na wewe uwe umesimama tayari, msitafutane siku nzima kumaliza chaji. Muombe namba ya mtu wake wa pili, mke au kaka yake, awe na laini ya kampuni nyingine. Na usipakie mzigo kwa kuonyeshwa picha ya muamala, hata kama mmefanya kazi miaka kumi, pakia ukishaona salio lako wewe limeongezeka au pesa iko mkononi. Makato ya kutoa mgawane kwa maelewano kabla mzigo haujatoka, maana baada ya mzigo kutoka hapo ndipo undugu unavunjika.

SWALI: Dada mimi mvuvi, niko Ukara. Hili la kuhamia mnara wa mwenzako limenishika. Usiku ziwani simu yangu inasoma hakuna mtandao, ya mwenzangu ndani ya mtumbwi huohuo inasoma. Injini ikifa na mwenzangu hayupo? (Mvuvi)

JIBU: Hapo ndipo nilisema nitarudi. Kwa sasa jua hivi: simu ikiandika ni ya dharura tu, maana yake imeona mnara wa kampuni nyingine hapo karibu, na 112 inaweza kupita kupitia mnara huo hata kama sio wa laini yako na hata kama huna salio. Ijaribu kabla hujasema simu imekufa. Simu iwe na chaji, iwe kwenye mfuko wa nailoni umefungwa, na laini mbili tofauti kama unaweza.

Ila huo ni msaada wa kubahatisha na mimi sitaki mvuvi aishi kwa kubahatisha. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilizama hapohapo kwenu Ukara, mnaijua ile siku kuliko mimi, na ziwa hili linachukua watu kila msimu wa upepo. Kama kampuni tatu za Ukraine ziliweza kufunguliana minara ndani ya siku 11 na mabomu yanaanguka, basi minara inayotazama ziwa ifunguliwe kwa kila laini, kwa kupiga na kwa meseji, usiku na mchana, bila kusubiri janga jingine. Kyivstar mwishoni mwa 2025 imeanza hata kupitisha meseji moja kwa moja kutoka setilaiti za Starlink mpaka kwenye simu ya kawaida, sehemu ambayo mnara haupo kabisa. Hiyo kwetu itakuja siku yake. Mimi naongelea minara ambayo tayari imesimama, inaonekana kutoka kwenye mtumbwi wako, na inakataa kukusikia. Viongozi wa BMU za Ukerewe, Kome na Maisome mnaosoma hapa, andikeni barua, mimi nitaichapa humu neno kwa neno.

SWALI: Mjukuu wangu, mimi ni mzee wa Capripoint. Wewe unaandika vita vya mbali, sisi vita tulikua nayo hapa. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kumsaidia Amin, ikalenga Mwanza, bomu likaenda kuangukia kisiwa cha Saanane likaua swala. Mimi nilikua opereta wa simu, wakati huo posta na simu ni shirika moja la serikali. Simu za mikoani zilipita mikononi mwetu, unachomeka waya unamuunganisha mtu. Watu walijaa wanataka Bukoba, wana watoto wao jeshini, wana wazazi wao Kyaka. Za jeshi zinatangulia, za raia zinasubiri, na mama wa watu analia dirishani. Tulilala kazini. Nataka kujua hao wa Ukraine wanaobaki kazini wanalazimishwa au wanapenda? (Mzee, opereta wa zamani)

JIBU: Shikamoo babu. Nimesoma meseji yako nikakaa kimya kidogo.

Ni wafanyakazi wa kawaida babu, wana mishahara, wana watoto. Kampuni za simu kule zimehesabiwa kuwa kazi muhimu kwa nchi, kwa hiyo sheria inaruhusu sehemu ya mafundi wake wasiitwe jeshini wabaki kwenye minara, wengine wameitwa na wamekwenda. Anayebaki naye hayuko salama, maana akienda kutengeneza mnara ulio karibu na mstari wa mbele ndege zisizo na rubani ziko juu yake. Wanaobaki nadhani wanabaki kwa kile kilichokulaza wewe kazini, yule mama wa dirishani.

Umeandika za jeshi zinatangulia na za raia zinasubiri. Nataka kukuuliza, ilikuaje pale waya ulipokua wazi usiku, mlikua mnawaunganisha akina mama? Mnaanza na nani? Mlikua mnaandika majina yao mahali? Jumamosi hii nakuja Capripoint asubuhi, nakuja na daftari na mpiga picha, kama afya inaruhusu mwambie mjukuu wako anijibu kwenye namba hii uliyotumia.